Malalamiko kuhusu miwani ya uhalisia pepe kwenye rolakosta yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Yah: KUREJESHEWA NYONGEZA YA TIKETI NA KUPEWA HIARI YA KUTOVAA MIWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rolakosta yenu kubwa, ile treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye bustani yenu ya burudani, nimeipanda kwa miaka mingi, hata najua kofia hupeperuka kwenye kona ipi. Jumamosi iliyopita nilikuja na wanangu wawili, nikakuta reli ni zile zile na treni ni ile ile, ila sasa abiria wanavishwa miwani ya uhalisia pepe, inayofunika macho na kuonyesha picha za kompyuta za safari ya anga, na tiketi ina nyongeza.

Nianze na foleni. Zamani treni yenye viti 24 iliondoka kila baada ya dakika mbili hivi. Safari hii niliangalia saa: dakika saba. Mhudumu anapita kiti kwa kiti akikaza mikanda ya miwani, mmoja haoni picha, mwingine ana miwani yake ya macho haijulikani aiweke wapi, wote mnangoja mmefungwa vitini. Treni ambazo zingebeba watu 720 kwa saa sasa zinabeba kama 200. Hao 500 waliobaki ndio sisi tuliosimama juani.

Nilipofikiwa, miwani niliyopewa ilikuwa bado na jasho la aliyenitangulia. Kitambaa kilipitishwa kwenye kioo tu. Sifongo inayogusa uso haikuguswa.

Lakini hayo ningeyameza. Lililonifanya niandike ni picha yenyewe. Kwenye mteremko wa kwanza mwili wangu ulikuwa tayari unashuka huku macho yakionyeshwa chombo cha anga kikiendelea kupanda. Picha ilichelewa, na kila kona iliongeza tofauti. Kufikia kona ya mwisho nilikuwa nasukumwa kushoto huku nikiona nageuka kulia. Sikio la ndani, linalohisi mwendo wa mwili, linasema hivi, jicho linasema vile, na tumbo ndilo linalolipa. Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima nikiwa na kichefuchefu, mimi ambaye sijawahi kutapika kwenye mchezo wowote. Binti yangu wa miaka 14 alitapika.

Mdogo wake ana miaka 11. Mhudumu alisema miwani hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 13, akampandisha bila hiyo. Huyo ndiye pekee aliyeshuka akicheka na kuomba arudie. Nami niliomba nivue yangu kabla hatujaondoka. Nikajibiwa kwamba tiketi yangu ni ya miwani na treni inachelewa.

Nisieleweke vibaya, sipingi teknolojia. Picha ikienda sawasawa na mwili, naamini inaweza kupendeza. Ila nanyi hamkuwa wa kwanza kujaribu. Bustani ya burudani ya Alton Towers ya Uingereza ilifungua Galactica mwaka 2016 kwa kuiongezea rolakosta ya zamani miwani ya aina hii. Mwaka uliofuata bustani ya SeaWorld ya Orlando, Marekani, ikafanya hivyo kwa rolakosta yake ya Kraken. Kote kuwili miwani iliondolewa baadaye na treni zikaendelea kukimbia kama kawaida. Mngeuliza huko kabla ya kutufanya sisi watu wa majaribio.

Tena, nani aliwaambia rolakosta ile ilikuwa na upungufu? Ukifika kileleni unaona bustani nzima chini yako, unaona reli inavyopotea mbele ya miguu yako, na hofu inakushika kwa haki. Mmetufunika macho ili tusione kitu tulichokuja kukiona.

Ninaomba mambo matatu. Mnirejeshee nyongeza ya tiketi mbili, yangu na ya binti yangu, nakala nimeambatisha. Muweke foleni ya wasiotaka miwani, au angalau safu za viti zao, na bango la kusema hivyo liwekwe mlangoni kabla mtu hajalipa. Na treni yoyote ambayo picha yake inachelewa iendeshwe bila miwani hadi fundi aithibitishe.

Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mwanangu mdogo ameshaniuliza tutarudi lini, nami nimemwambia tunangoja barua yenu.

Wenu,

Mteja wa siku nyingi