Barua kwa shangazi wa Sikonge: sukari haijaikataa dawa

Shangazi, shikamoo. Mwangaluka.

Nimesikia daktari amekuongezea dozi tena, na kwamba hapo kijijini wanasema sukari yako imeikataa dawa. Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno hayohayo yanasemwa Kaliua, Urambo na Nzega. Mara nyingi sukari haijakataa kitu. Insulini, dawa ya sindano ya kushusha sukari, iliyoandikwa kwenye kadi siyo inayoingia mwilini.

Tuanze na hesabu. Kichupa kimoja kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100 (yuniti ndicho kipimo cha dozi ya insulini), jumla 1,000. Kadi yako inasema 30 asubuhi na 16 jioni, yaani 46 kwa siku. Gawanya mwenyewe: kichupa kinakuvusha siku 21 tu, na ukitoa matone yanayopotea unapoondoa mapovu, hazifiki. Kliniki umepangiwa baada ya siku 30, na dirishani umepewa kichupa kimoja. Hizo siku tisa za mwisho unachoma nini?

Unabana, shangazi. Kila mwenye akili ya kutunza nyumba angebana. Ukichoma 20 na 10, kichupa kinafika siku ya 33 na wala huonekani umeishiwa. Lakini daktari anaiona kadi tu. Anakuta kipimo cha sukari kwenye damu kinasoma 16 (mmol/L), juu mno, anaamini yuniti 46 hazikutosha, anaandika 36 na 20. Sasa ni 56 kwa siku, kichupa ni cha siku 17, nawe utabana zaidi. Kisha siku moja unapata vichupa viwili, unachoma kama kadi inavyosema, na usiku huohuo sukari inaporomoka. Hapo ndipo ninapopaogopa kuliko sukari kupanda.

Kwa hiyo mtajie daktari yuniti ulizochoma kweli, siku kwa siku, kabla hajashika kalamu. Akikukaripia, mwache amalize. Halafu mwombe aandike yuniti za siku na idadi ya vichupa hadi tarehe ya kurudi: kwa 46 ni viwili. Kama kinachokwamisha ni pesa, na najua mfuko unavyokauka kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa, pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kwenda dirisha la dawa. Ukishaondoka mikono mitupu, hakuna atakayekufuata kijijini.

Jambo la pili ni bomba la sindano. Kwenye bomba la mililita 1, kila mstari ni yuniti 2. Kwenye la nusu mililita, kila mstari ni yuniti 1. Mjukuu anayekuchoma amezoea kuhesabu mistari 15. Duka la dawa likimuuzia bomba la aina nyingine, mistari ileile 15 inakuwa nusu ya dozi au mara mbili yake. Asome namba iliyoandikwa kwenye bomba, aachane na mistari. Na bomba liwe limeandikwa 100, sawa na kichupa.

Joto la Tabora mwezi wa 9 na wa 10 unalijua. Kichupa kilichofunguliwa kinakaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na chini ya bati saa nane mchana hapako hivyo. Tafuta vyungu viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, ujaze mchanga katikati. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo. Kichupa kikae ndani kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kiangazi chungu kinapoza vizuri. Masika hewa ina unyevu, maji hayakauki upesi, kwa hiyo usikitegemee sana. Vichupa ambavyo havijafunguliwa viwekwe friji la jirani, rafu ya kati. Friza la soda la dukani hapana, hata usiku mmoja: insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwenye basi la kutoka mjini usiiweke karibu na injini wala kwenye dashibodi.

Hiyo yako ya rangi ya maziwa usiitikise. Ibingirishe taratibu viganjani mara 10 hadi 20. Ikibaki na mabonge, au chembe zimeganda ukutani mwa kichupa, itupe.

Pia jipapase tumbo. Ukikuta sehemu imevimba na kuwa kama mpira, ni kwa kuchoma palepale kila siku kwa kuwa hapaumi. Insulini ikiingia hapo inafyonzwa kwa kubahatisha. Hama, acha nafasi ya kidole kutoka tundu hadi tundu. Ila wiki hiyo pima mara nyingi zaidi, kwani sehemu nzima inafyonza vizuri na dozi ileile inaweza kukushusha.

Sukari kushuka ni kipimo kusoma chini ya 4. Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno yasiyoeleweka. Usingoje. Asali kijiko kikubwa kimoja, na Sikonge haikosekani, au sukari vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Waambie wa nyumbani: ukipoteza fahamu wasikumiminie chochote mdomoni, wakulaze ubavu na kukukimbiza hospitali. Kesho yake piga simu kliniki waitazame upya dozi, usiikate mwenyewe.

Siku ya kliniki beba kichupa unachotumia, hata kama kimekwisha, bomba moja lisilotumika, na daftari lenye yuniti ulizochoma. Viweke mezani kabla hujaulizwa.