Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Wenye Usonji

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, nanyi nawashukuru mliofika. Walioandika "tupo pamoja" kwenye kundi la WhatsApp na hawaonekani ukumbini, salamu ziwafikie huko waliko.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Siku ya Usonji Duniani, tarehe 2 Aprili, tuliiadhimisha kama kila mwaka, na fulana zikachelewa kama kila mwaka. Kamati ilikutana mara sita. Tumezika, tumeuguza, tumechangia. Watoto wawili wamepata nafasi kitengo cha elimu maalumu baada ya mimi mwenyewe kwenda kwa ofisa elimu mara nne. Sisemi ili nisifiwe, nasema ili ijulikane.

Sasa niingie kwenye lile linalosemwa pembeni: mafunzo ya askari polisi ya mwezi Agosti.

Chanzo chake mnakijua, ila wapo wanaojifanya wamesahau. Kijana wa mwenzetu, miaka 17, alionekana jioni anazungusha gurudumu la bajaji iliyoegeshwa. Yeye ni mtu wa vitu vinavyozunguka: feni, magurudumu, mifuniko ya sufuria. Mtu akapiga kelele za mwizi. Askari wa doria ndio waliomtoa mikononi mwa watu waliokwisha kuokota mawe, na kwa hilo tutawashukuru daima. Kituoni akaulizwa, "Wewe ni mwizi?" Akajibu, "Wewe ni mwizi." "Unanitukana?" "Unanitukana." Sisi tunajua kwamba mtoto mwenye usonji akirudia maneno hivyo hajakiri wala hajatukana. Askari yule angejulia wapi? Kijana akalala mahabusu bila kutia kitu mdomoni, mama yake akampata saa nne asubuhi.

Ndipo nikatoa wazo la mafunzo. Wazo lilikuwa langu, na lawama nazipokea mimi.

Walihudhuria askari 38 kwa siku mbili, wakiwemo wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mwalimu wa elimu maalumu aliwafundisha mambo ya kazini: zima king'ora, punguza taa, uliza swali moja kwa maneno machache kisha subiri, usimshike kwa nyuma, asiyekutazama usoni si lazima awe anaficha kitu, mtoto akipotea, anza kutafuta kwenye visima, mito na madimbwi, maana wengi wao huvutwa na maji. Aliwasimulia pia tukio la North Miami, Marekani, Julai 2016: mtu mwenye usonji amekaa barabarani ameshika gari la kuchezea, mhudumu wake amelala chali mikono juu akijieleza, na bado askari akafyatua risasi ikampata mhudumu mguuni. Hapo hata waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini.

Siku ya pili nilikwenda na mwanangu. Difenda ilipowasha king'ora uani, alijiziba masikio akaingia chini ya meza. Koplo mmoja, mtu mzima mwenye mwili wake, akakaa sakafuni mbali kidogo naye, kimya, kama dakika saba hivi. Mtoto akatoka mwenyewe. Nawaambieni mimi niliyemzaa sijawahi kukaa kimya dakika saba.

Sasa fedha. Imeandikwa kwenye kundi kwamba "mwenyekiti analisha askari pilau, watoto hawana vifaa." Mafunzo yaligharimu shilingi 1,180,000: chakula cha watu 45 kwa siku mbili 720,000, ukumbi 200,000, uchapishaji 160,000, nauli za wakufunzi 100,000. Posho hatukumpa askari hata mmoja. Na pilau lilikuwa siku moja tu. Ya pili ilikuwa wali maharage.

Inasemwa pia kwamba nimevunja katiba, kwa kuwa matumizi yanayozidi milioni moja hupitishwa na mkutano mkuu. Ni kweli imeandikwa hivyo. Niliitisha mkutano Machi wakaja 14. Nikaitisha tena Mei wakaja 11, na wawili kati yao walikuwa wamekosea ukumbi. Akidi ni 32. Kamati ikaamua. Mngetaka tusubiri mpaka mtoto mwingine alale mahabusu?

Mwenzetu mmoja anayejua sheria amenikumbusha kwamba kuwafundisha polisi ni kazi ya serikali, kwa ibara ya 13 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Namshukuru. Tangu 2009 hadi leo ni miaka mingapi? Na mwenzetu huyo ada yake ya mwaka huu bado hatujaiona.

Nilipoomba wazazi kumi waje kuzungumza na askari, walikuja wanne, mmoja akaondoka kabla ya chai.

Mapato kwa ujumla: ada 825,000, wahisani 1,400,000, salio la mwaka jana 310,000, jumla 2,535,000. Matumizi: mafunzo hayo, Siku ya Usonji 420,000, nauli za kamati 260,000, rambirambi na wagonjwa 200,000, shajala na vocha 145,000, jumla 2,205,000. Salio 330,000. Wanachama tuko 64. Waliomaliza ada ya 30,000 ni 23, waliotoa nusu 9, wengine 32 hawajatoa kitu. Tunadaiana 1,095,000. Zingelipwa hizo, zingebaki 85,000 tu kufikia gharama yote ya mafunzo mnayoyalalamikia.

Mbele tunatarajia, Mungu akipenda, kuvifikia vituo vingine vya polisi, pengine na mahakama, na kuwatengenezea watoto vitambulisho fedha zikiruhusu. Kuhusu kuandikisha majina ya watoto kituoni, najua mna hofu. Tutalizungumza akidi ikitimia.

Wanaokitaka kiti changu, fomu ziko kwa katibu. Stakabadhi za Agosti ziko kwa mhazini. Anayetaka kuzikagua aje na zake za ada.

Mwenyekiti