Bao Lako Nalituma Bagamoyo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mvua imetukuta na lile bati la jikoni bado linavuja.

Nimefagia chumbani kwako, nikalikuta bao uvunguni na daftari la vitendawili limeviringishwa kwenye kanga. Hukuvisahau. Mdogo wako kaniambia: umesema chuo cha ukutubi si pahala pa michezo, wenzio watakuona mtoto. Mwanangu, nani kakutia maneno hayo?

Wewe ndiye uliyenionyesha pale maktaba ya mkoa kwamba vitendawili vina namba yao kwenye mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu, 398.6, methali 398.9, na michezo ya akili kama bao inakaa 794. Ulinishika mkono ukanipeleka rafu kwa rafu. Vitu vyenye nafasi rafuni, mkutubi anavificha uvunguni kwa nini?

Makala yako juu ya magazeti ya zamani nimeisoma mpaka mwisho, na majirani nimewasomea. Nilijivuna sana. Pale unapoeleza kwamba karatasi ya gazeti ina asidi, ndiyo maana inageuka manjano na kumeguka vidoleni, na kwamba joto la pwani likikutana na unyevu ukungu hauchelewi, hata mama muuza vitumbua alielewa. Lakini ukurasa wa pili umejaa “uimarishaji wa mifumo shirikishi.” Nani anasema hivyo huku mtaani Ngamiani? Hayo uliyaandika baada ya kuacha kuwategea vitendawili watoto wa Jumamosi pale maktaba. Kitendawili hakibebi neno lisilo na kazi, na aliyekizoea huandika hivyohivyo. Tena watoto wale walifuata vitendawili vyako kwanza, vitabu wakaja kuviazima baadaye. Hilo sijaliona kwenye makala yako hata mara moja, na ndilo ningependa walimu wako walisome.

Shaaban Robert wetu wa Vibambani alikuwa karani wa serikali miaka na miaka, forodhani na kwingineko, na mashairi hakuyaacha. Usiache na wewe.

Basi nalituma. Komwe nimezihesabu, zote 64 zimo, nimezitia kwenye kimfuko cha kitambaa nikakishona mdomo. Tafuta wa kucheza naye jioni, hata kama hajui. Mfundishe kunamua kwanza, yaani kuingiza komwe ubaoni; mtaji, mchezo wa komwe zikishaingia zote, atauelewa mbele ya safari. Na usikeshe na makala, macho yako nayajua. Ukichoka, lete bao barazani. Ukiniambia huna nafasi, sitakubali.

Mzigo nampa kondakta kesho alfajiri, uufuate stendi mapema usije ukalala huko. Daftari nimeliweka ndani ya kanga ileile.

Fundi wa bati anataka nusu ya pesa kwanza. Baba yako anasema angoje mwezi uandame. Na ufunguo wa kabati la vyombo umeuweka wapi? Ijumaa tuna wageni na sahani zote zimo humo.

Mama yako