Mwendo wetu wa kilomita 5 za Jumamosi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Muda wetu wa wiki za karibuni unaonyesha kwamba wengi wetu tunaanza kana kwamba tunashindana na bodaboda, na tukifika kilomita ya tatu, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Kololo, pumzi zinakwisha na tunatembea. Anayelenga dakika 30 anahitaji dakika 6 kwa kila kilomita. Basi ile ya kwanza aikimbie kwa dakika 6 na sekunde 10 hivi, hata kama miguu inamshawishi aongeze, na nguvu hiyo aitumie mwishoni. Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Monaco mwaka 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36, mwendo wake ulibadilika kidogo sana tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumanne tutakimbia mita 400 mara sita, kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya Jumamosi, tukipumzika dakika 2 baada ya kila mzunguko. Alhamisi kila mmoja akimbie dakika 40 taratibu, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza bila kuhema (msishindane siku hiyo, nasisitiza, maana ndiyo mnayoiharibu zaidi). Ijumaa ni mapumziko. Jumamosi, mkifika mlimani, fupisheni hatua na msihangaike na saa.

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Atakayekubali kuongoza kundi la dakika 35 anijulishe kabla ya Alhamisi jioni.