Harambee ya kuchapa kijitabu cha Mtakatifu Maximilian Kolbe, mhariri

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya, Mtakatifu Maximilian Kolbe padre Mfransisko wa Poland, wengi tunamjua kwa kifo chake: kambi ya mateso ya Wanazi ya Auschwitz, 14 Agosti 1941, baada ya kujitolea afe badala ya baba mwenye familia, Franciszek Gajowniczek. Kazi yake ya magazeti haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayoelezwa na kijitabu chetu.

Januari 1922, mjini Kraków, Poland, alitoa nakala 5,000 za kwanza za gazeti lake la kila mwezi, Rycerz Niepokalanej, yaani Askari wa Mkingiwa (Bikira Maria). Wakubwa wake walimpa ruhusa, fedha hawakumpa, akazunguka kuomba. Baadaye, katika mji wa Grodno, yeye na mabruda walichapa kwa mashine kuukuu ya kuzungusha kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kule Niepokalanów, konventi aliyoianzisha karibu na Warszawa, nakala zilishapita 700,000 kwa mwezi. Aliwasili Nagasaki Aprili 1930, na Mei tayari gazeti la Kijapani lilikuwa mikononi mwa wasomaji, nakala 10,000. Kijapani hakukijua: aliandika Kilatini, wenyeji wakatafsiri.

Sehemu ngumu hatukuiruka. Gazeti la kila siku lililoanzishwa Niepokalanów mwaka 1935 lilichapa makala za kuwachukia Wayahudi. Wakati wa vita konventi hiyohiyo ilihifadhi wakimbizi, Wayahudi wakiwamo. Msomaji anastahili kuyajua yote mawili.

Mswada uko tayari, kurasa 32 za A5. Karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa 4, hivyo kila nakala inakula karatasi 8. Nakala 500 ni karatasi 4,000, yaani rimu 8; tumeongeza moja ya kufidia zitakazoharibika. Mashine ya kurudufu ya parokia ni nzima, ila ina masharti yake. Karatasi iliyovuta unyevu stoo huingia mbilimbili na kukwama. Wino wake haukaushwi kwa moto, hunyonywa na karatasi polepole. Ukiwahi kuchapa upande wa pili, roli zinabeba weusi na kuupaka kwenye kila karatasi inayofuata. Kwa hiyo upande wa kwanza tunaulaza usiku kucha. Tena, karatasi 8 zikikunjwa pamoja, za katikati huchomoza nje, na kingo lazima zikatwe baada ya kupigwa pini.

Rimu 9 ni shilingi 126,000, na kadi 500 za jalada 80,000. Roli ya masta (utando mwembamba ambao mashine huutoboa kuwa kiolezo cha ukurasa) na tyubu mbili za wino ni 190,000. Stepla ya mkono mrefu pamoja na pini zake ni 54,000. Hii ya ofisini haifiki kwenye mkunjo. Kukatisha kingo ni 50,000. Jumla 500,000.

Jumuiya zetu 30 zitapata nakala 10 kila moja bila malipo. Zile 200 zitakazobaki zitauzwa 1,000 kila moja, na fedha hizo zitanunua karatasi za kijitabu kijacho.

Asiye na fedha taslimu alete rimu: A4 ya gramu 80, ambayo haijafunguliwa. Michango inapokelewa na mhazini kila Jumapili baada ya Misa ya pili, naye atakupa stakabadhi. Tunaomba vyote vifike kabla ya 10 Julai, ili vijitabu viwe kanisani siku ya sikukuu yake, 14 Agosti.