Sita na tisa

Morogoro,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salaam nyingi. Watoto hawajambo, mvua zimeanza, mengine nitakupigia simu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya ule mstari mmoja: kwamba ukitoka kwenye misumeno jioni masikio yanalia kama nyenje, asubuhi yanatulia, kwa hiyo si kitu. Shoga yangu, ni kitu.

Jumanne tulipewa mafunzo ya kulinda masikio hapa kiwandani. Nilidhani ni yale ya kusaini karatasi na kunywa soda. Mkufunzi akatuingiza chumba cha kufumia mashine zikiwa zinafanya kazi, akatusimamisha wawili wawili, umbali wa mkono ulionyooshwa, akasema tuongee. Hakuna aliyesikilizana na mwenzake bila kupaza sauti. Akasema hapo desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, tumeshazipita, na 85 mwisho wa kukaa nazo ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Nikakuwaza wewe na msumeno wako.

Kilichoniuma zaidi ni yule dada wa mashine za dirishani, aliyetupokea siku tuliyoanza kazi. Mwaka huu ameandikiwa barua mbili za onyo: ukaidi, na uzalishaji kushuka. Akiambiwa aende mashine ya sita, anakwenda ya tisa. Hata mimi nilishaanza kumwona ana kiburi. Mkufunzi akaeleza kuwa kelele huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba, na ndimo zilimo s, t, f na sh. Mtu anasikia kwamba ameitwa, ila neno lenyewe linamfikia limemomonyoka. Sita na tisa vinakuwa kitu kimoja. Nikageuka kumtazama, alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Miaka yote hiyo hakupimwa hata mara moja, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka tupimwe tunapoanza na kila baada ya muda. Halafu kwenye ubao wa uzalishaji jina lake ndilo linaloandikwa kwa wino mwekundu! Tumemwendea kiongozi wa chama cha wafanyakazi ili zile barua zifutwe, na nitamsumbua mpaka zifutwe.

Sasa viziba masikio. Mimi nilikuwa navibandika tu mlangoni mwa sikio. Osha mikono, kisokote mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa kidole hadi kivimbe. Kisha funika masikio kwa viganja: kelele ikipungua sana, hakijakaa, anza upya. Wala usikitoe dakika mbili tatu ili uisikie mashine. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kutwa nzima. Tangu nivivae sawasawa, saa tisa mchana kichwa hakinigongi tena, na uzi ukikatika nauona mapema.

Omba upimwe Jumatatu asubuhi kabla hujaingia kazini, masikio yakiwa yamepumzika angalau saa 14, la sivyo kipimo kitadanganya. Nimekufungia pakiti mbili za viziba. Zitakuja na basi la Ijumaa, uzichukue stendi. Jibu la kipimo niandikie lilivyo, usinifiche.

Shoga yako,
Mama Salma