Kwa mwanangu upitaye chini ya Hudson

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba cheo ulichokingoja amepewa mwenzako, sikupata la kukujibu. Kisha ukataja kwamba kila asubuhi unapanda treni kutoka Newark, unapita chini ya mto Hudson kwenda New York. Nimefanya kazi ya reli hapa Tabora maisha yangu yote, namjua aliyelichimbisha handaki hilo.

Aliitwa Alexander Cassatt. Aliingia Pennsylvania Railroad, kampuni ya reli ya huko Marekani, mwaka 1861, kijana aliyesomea uhandisi, akaanzia chini kabisa kwa kuwashikia wapimaji fimbo. Akapanda hadi makamu wa rais wa kampuni. Kiti cha rais kilipobaki wazi mwaka 1880, akapewa George Roberts. Baada ya miaka miwili Cassatt akajiuzulu, akaenda kufuga farasi. Mwaka 1899 kampuni ikamfuata awe rais, naye ana miaka 59.

Treni zao ziliishia Jersey City. Abiria anaiona New York ng'ambo ya maji, lakini lazima ateremshe mizigo apande pantoni. Daraja lilikuwa ghali mno, na kampuni nyingine hazikutaka kuchangia. Handakini, moshi wa makaa ungewakaba watu. Mwaka 1901 akiwa Paris kumtembelea dada yake, mchoraji Mary Cassatt, aliiona stesheni ya Orsay: treni zinaingia chini ya ardhi kwa umeme! Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatangaza mpango wake wa kupitisha treni za umeme chini ya mto hadi stesheni mpya New York.

Tope la Hudson ni laini, mwanangu. Wachimbaji walifanya kazi ndani ya hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiwaingilie, na wapo waliofia humo. Hao nawaombea kila ninapowakumbuka.

Mwaka 1906 pande mbili za handaki zikakutana chini ya mto. Desemba 28, mwaka huohuo, Cassatt akafariki. Hakuiona stesheni yake, iliyofunguliwa 1910, wala hakuona jengo lake la juu lilivyoanza kubomolewa 1963, jambo linaloniuma hadi leo. Mahandaki yamebaki, ndiyo hayo unayopita.

Kesho treni ikiingia gizani, hesabu dakika hadi stesheni, uniandikie. Nakungoja.

Baba yako